Mwanangu Anataka Unga wa Misuli

(Muziki wa kipindi, sekunde 15, kisha unashuka polepole)

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo chini ya sufuria. Kama una kalamu karibu, ishike, kwa maana leo kuna tarakimu chache ambazo huenda ukataka kuziandika.

Mama mmoja wa upande wa Kakamega ametuletea swali, na nimeona afadhali nilijibu hapa hewani kwa sababu najua si lake peke yake. Mwanawe ana umri wa miaka 16 na anacheza raga shuleni. Alipofika nyumbani likizo alimwomba mamake shilingi elfu tatu na mia tano za kununua mkebe wa unga uitwao kreatini. Kijana anasema wenzake wote wanautumia, na kwamba bila huo unga hataingia timu ya kwanza. Mama anauza mboga sokoni, na pesa hizo kwake ni kodi ya nyumba. Lakini anasema kinachomnyima usingizi si pesa. Anataka kujua kama unga huo ni dawa ya kulevya, kama utamharibu mtoto figo, na kama akikataa kabisa kijana hataenda kuutafuta kwa mlango wa nyuma.

Mama, maswali yako matatu ni mazuri, na hilo la tatu ndilo zito zaidi. Nitalirudia.

Kwanza tujue kreatini ni kitu gani. Si dawa ya kulevya. Pia si steroidi, zile homoni za kutengenezwa ambazo baadhi ya watu hujidunga ili wavimbe misuli. Kreatini ni kitu cha kawaida kabisa ambacho tayari kimo ndani ya mwili wako wewe unayenisikiliza. Mwanakemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliigundua ndani ya nyama mwaka 1832, na jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama. Mwili wa mtu mzima hujitengenezea takriban gramu moja kila siku, kwa kazi ya ini, figo na kongosho. Kiasi kingine tunakipata tunapokula nyama na samaki. Katika kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe mna kama gramu 4 hadi 5 za kreatini. Katika maharagwe, sukuma wiki na ugali hamna kiasi cha kuhesabika, na ndiyo sababu watu wasiokula nyama huwa na akiba ndogo zaidi misulini.

Sasa, inafanya kazi gani? Chukua mfano wa nyumba ambayo kisima kiko mbali. Jikoni kuna mtungi. Ukihitaji maji ya haraka unateka mtungini, halafu baadaye unatuma mtoto kisimani. Misuli nayo ina nguvu za haraka zinazotumika kwa sekunde chache tu, pale mtu anaponyanyua kitu kizito, anapokimbia mbio fupi au anaposukuma katika skramu. Kreatini ndiyo inayosaidia kuujaza tena ule mtungi upesi. Anayetumia unga wa kreatini anaongeza maji kidogo katika mtungi wake. Basi. Anaweza kunyanyua chuma mara kumi ambapo jana aliishia mara nane, na kwa kurudia mazoezi hayo wiki baada ya wiki, misuli inakua kuliko ambavyo ingekua bila hizo mara mbili za nyongeza.

Umeona jambo lililojificha hapo? Unga haujengi misuli. Mazoezi ndiyo yanayojenga, na chakula ndicho kinacholeta matofali. Kijana anayekunywa kreatini na kukaa kitako hapati misuli. Na kama mwanao ni mkimbiaji wa mita 10,000, unga huu haumfai sana, kwa sababu wiki ya kwanza huvuta maji kuingia misulini na mtu huongezeka kama kilo moja au mbili. Kwa mchezaji raga hilo si neno, lakini kwa mwenye kukimbia mbio ndefu ni mzigo wa kubeba bure.

Nisije nikaonekana kama ninaidharau. Kati ya vitu vyote vinavyouzwa madukani kwa ahadi ya misuli, kreatini ni mojawapo ya vichache ambavyo vimechunguzwa kwa miaka mingi na kuonekana kweli vinasaidia. Vingi vya vile vingine ni maneno matupu na picha ya mwanamume aliyevua shati.

(Muziki mfupi)

Turudi kwa mtoto wa miaka 16. Hapa wataalamu hawasemi kwa sauti moja, na ni haki yako kujua hivyo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2016, kiliwashauri vijana wasitumie vitu vya kuongeza nguvu michezoni, kreatini ikiwamo. Wataalamu wa lishe ya michezo, katika tamko lao la mwaka 2017, walisema kijana anaweza kuruhusiwa ikiwa yuko katika mazoezi mazito ya mashindano, anakula vizuri, anajua kipimo, na wazazi pamoja na mwalimu wanamwangalia. Utafiti mwingi umefanywa kwa watu wazima. Kwa watoto ni mchache.

Mimi kwa maoni yangu nasema hivi: kabla ya miaka 18, subiri. Sisemi hivyo kwa kuwa nimeona kreatini safi ikimwangusha kijana. Sababu yangu ni kwamba kijana wa miaka 16 tayari ana kiwanda cha misuli ndani ya mwili wake. Homoni za ujana zinafanya kazi usiku na mchana. Kinachokosekana kwa wengi wao ni vitu vitatu ambavyo haviuzwi kwenye mkebe: chakula cha kutosha, usingizi, na mtu wa kuwafundisha kunyanyua vyuma bila kuvunja mgongo.

Mama wa Kakamega, hebu tuhesabu pamoja. Mtu anayefanya mazoezi mazito anahitaji protini ya gramu 1.4 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kijana wa kilo 60, basi, ni gramu 84 au zaidi. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe kikubwa cha maziwa, robo lita, kina kama gramu 8. Maharagwe yaliyopikwa, gramu 100, ambayo ni kama upawa mmoja mdogo, yana gramu 8 au 9. Unga wa mahindi nao una protini yake, ingawa watu husahau kuuhesabu. Halafu kuna omena. Omena waliokaushwa ni chakula chenye protini nyingi mno kwa bei yake, na kwa kuwa ni samaki, wana hata kreatini kidogo ya asili. Mtoto akikuambia omena ni chakula cha watu maskini, mwambie wachezaji wa ng'ambo wanakula samaki wadogo wa mikebe kwa bei ya juu na kusifiwa.

Chukua zile shilingi elfu tatu na mia tano, uone zinanunua nini sokoni kwenu: trei za mayai, vikombe vya omena, ndengu, njugu, maziwa ya jirani. Sikukatii bei kwa sababu soko la kwenu si soko la kwetu. Lakini fanya hesabu hiyo pamoja na kijana, mkiwa mmeketi mezani na karatasi. Nimeona watoto wagumu wakilainika mbele ya hesabu kuliko mbele ya makaripio. Mwambie asubuhi ale uji wa maziwa na mayai mawili, mchana githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, jioni ugali na omena au ndengu, na kitu cha kutafuna baada ya mazoezi, kama vile njugu na ndizi. Afanye hivyo miezi mitatu. Ajipime uzito mara moja kila wiki, asubuhi, katika mizani ileile, na aandike daftarini.

Akiwa shule ya bweni, najua mambo ni magumu zaidi, kwa sababu chakula kinapangwa na wengine. Ongea na mwalimu wa michezo. Pengine shule itakubali abebe njugu au siagi ya njugu katika sanduku lake.

Usingizi nao. Kijana anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Misuli inajengwa mtu akiwa amepumzika, haijengwi akiwa chini ya chuma. Kijana anayekesha na simu mpaka saa saba za usiku halafu anakuambia anakosa unga wa misuli, mimi ningeanza na ile simu.

Kuna jambo moja ambalo sitaki lipite haraka. Ikiwa mwanao amekonda ghafla, usimnunulie chochote cha kunenepesha kabla ya kumpeleka hospitali. Kijana anayekunywa maji kupita kiasi, anayeamka usiku mara nyingi kukojoa, na huku anapungua mwili, huenda ana ugonjwa wa sukari, na watoto wa umri huo wanaupata. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anayetokwa na jasho usiku na kupungua uzito, apimwe kifua kikuu. Anayechoka haraka, mwenye viganja na ndani ya kope vilivyopauka, huenda amepungukiwa na damu kwa sababu ya minyoo, malaria au ukosefu wa madini ya chuma. Mikebe yote ya Nairobi haitatibu hata mmoja kati ya hao. Badala yake itachelewesha siku ya kumwona daktari.

(Muziki mfupi)

Nimeahidi kulirudia lile swali la tatu, la mlango wa nyuma. Nitasimulia lililonipata mimi mwenyewe nyumbani kwangu.

Mtoto wa kaka yangu alikaa nami alipokuwa akisubiri kuingia chuo. Alikuwa anaenda jimu ya mtaa, mahali pa mabati na vyuma vya kuchomelea, vijana wengi, kelele nyingi. Alikuwa ameniuliza kuhusu kreatini nami, kwa haraka zangu, nikamjibu, "Upuuzi! Kula ugali." Basi. Sikuketi naye. Wiki tatu baadaye nikiwa ninafagia chumba chake nilikuta chini ya godoro karatasi ya nailoni yenye unga mweupe, imefungwa fundo. Mimi, mtu wa afya, nilikaa sakafuni miguu ikinitetemeka, kwa maana nilifikiri ni kitu kibaya zaidi.

Alipofika aliniambia, "Shangazi, hiyo ni kreatini tu." Aliuziwa na mtu wa jimu, ambaye alinunua mkebe mkubwa akaugawa kwa vijiko. Labda ni kweli. Labda ulikuwa unga wa muhogo. Unga mweupe katika nailoni haujitambulishi. Lakini hofu yangu ilikuja baadaye, alipopoa hasira na kunieleza mengine: mtu yuleyule alikuwa amemwonyesha pia vidonge, akamwambia hivyo ndivyo vya wanaume, na kwamba matokeo yanaonekana baada ya wiki mbili.

Ndiyo maana, mama, jibu la "hapana" likitolewa peke yake halitoshi. Hapana yangu ya haraka ilimpeleka mtoto kwa mtu mwenye nailoni. Mwuza kreatini na mwuza steroidi wakati mwingine ni mtu mmoja, na kijana anayejificha hana wa kumuuliza.

Steroidi za kuvimbisha misuli ni hatari kwa kijana wa umri wowote, na zaidi kwa yule ambaye bado anarefuka. Zinaweza kufunga ncha za mifupa mapema, akabaki mfupi maisha yake yote. Korodani husinyaa. Chunusi humjaa usoni na mgongoni, matiti humwota, na hasira zake huwa za kupita kiasi. Ini na moyo huumia. Ukiona dalili kama hizo pamoja na misuli iliyokuja kwa wiki chache, usingoje likizo ijayo.

Tena kuna vile vidonge vya kunenepesha ambavyo huuzwa kwa siri, pengine kwa wasichana ili wapate makalio na mashavu. Vingine huwa na deksamethasoni, ambayo ni dawa ya kweli ya hospitali kwa magonjwa fulani. Mtu akizimeza kwa muda mrefu bila daktari, uso unavimba ukawa wa duara, sukari na shinikizo la damu vinapanda, na akiacha kwa ghafla anaweza kuzirai na hata kufa, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Kwa hiyo ukigundua mtoto wako amekuwa akivimeza, usivitupe ukadhani umemaliza kazi. Chukua vidonge hivyo na umpeleke hospitali, wamwachishe polepole.

(Muziki mfupi)

Sasa tuseme mwanao ametimiza miaka 18 au zaidi, ana pesa zake, anakula vizuri, anafanya mazoezi ya kweli, na ameamua kununua. Au ni wewe mwenyewe, mama, umeanza kwenda jimu. Hakuna ubaya. Basi nunua kwa macho.

Kwenye mkebe tafuta maneno mawili ya Kiingereza, creatine monohydrate. Kwa Kiswahili tuseme kreatini monohaidreti. Hiyo ndiyo aina iliyochunguzwa kuliko zote, na kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu. Muuzaji atakuambia kuna aina mpya, ya kisasa, isiyovuta maji, inayoingia mwilini haraka, na ni ya bei maradufu. Hakuna iliyoonyeshwa kuwa bora kuliko ile ya kawaida. Kuna moja iitwayo ethili esta ambayo hata ni mbaya zaidi, kwa sababu sehemu kubwa yake huharibika kabla ya kufika misulini. Katika jambo hili, mama, cha bei nafuu ndicho kizuri, na si mara nyingi ninapata nafasi ya kusema hivyo.

Geuza mkebe usome orodha ya vilivyomo. Iwe fupi. Ikiwa ni kitu kimoja tu, kreatini monohaidreti, ni vizuri. Ukikuta orodha ndefu yenye mchanganyiko wa siri ambao haukuambii kila kitu ni gramu ngapi, rudisha mkebe rafuni. Michanganyiko ya kunywa kabla ya mazoezi mara nyingi imejaa kafeini, na moyo wa kijana unadunda mbio asijue sababu. Ile mikebe mikubwa ya kuongeza uzito, mingi yake ni wanga na sukari na protini kiasi. Uji wa nyumbani wenye maziwa na siagi ya njugu unafanya kazi ileile.

Halafu uliza kama imepimwa. Mwaka 2004 watafiti wa Cologne, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 634 za lishe zilizonunuliwa katika nchi 13. Bidhaa 94, karibu 15 katika kila 100, zilikuwa na homoni ambazo hazikutajwa kwenye kibandiko. Ni zamani sasa, lakini somo halijazeeka. Kreatini yenyewe haimo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni. Kinachomponza mchezaji ni kile kilichochanganyika nayo kiwandani au dukani. Hapa Kenya tuna sheria ya mwaka 2016 ya kupambana na dawa za kusisimua misuli, na shirika la ADAK linaloisimamia. Kanuni ya michezo ni kwamba mchezaji anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake. Kusema "sikujua, niliuziwa" hakumwondolei lawama. Kijana mwenye ndoto ya kuvaa jezi ya taifa anaweza kuipoteza kwa kijiko kimoja cha unga wa nailoni.

Kwa hiyo kama mwanao ni mshindani, tafuta mkebe wenye alama ya Informed Sport au ya NSF Certified for Sport. Hizo ni alama za wapimaji huru, na namba ya toleo iliyopigwa chini ya mkebe unaweza kuihakikisha kwenye tovuti zao. Kibandiko cha KEBS nacho kiwepo, kwa maana kinakuonyesha kuwa bidhaa imepitia mkondo wa halali, ingawa hicho peke yake hakikuhakikishii kuwa imepimwa homoni za michezo. Kifuniko kiwe na utando wake haujatobolewa, tarehe ya kuharibika isomeke, na duka liwe mahali unapoweza kurudi kesho kulalamika. Usinunue iliyogawanywa, hata kama mwenye kugawa ni rafiki.

Kipimo ni gramu 3 hadi 5 kwa siku, mara moja, katika maji au uji. Saa yoyote. Watu wa jimu watamwambia aanze na gramu 20 kwa siku kwa wiki nzima. Hiyo inajaza misuli upesi, lakini si lazima. Kwa gramu 3 kila siku, misuli inajaa vilevile ndani ya wiki nne, na tumbo halisumbuki. Anayemeza gramu 10 kwa mkupuo mmoja huenda akashinda chooni. Mkebe wa gramu 300, kwa kipimo cha gramu 3, unakaa siku 100. Ukiona umekwisha kwa mwezi, ama anazidisha ama anagawia wenzake.

Na asitarajie muujiza. Kuna watu ambao misuli yao tayari imejaa kreatini na hawaoni tofauti yoyote. Akitumia miezi miwili bila badiliko katika daftari lake, aache tu.

Sasa figo. Kwa mtu mzima mwenye afya anayetumia kipimo hicho, uchunguzi wa miaka mingi haujaonyesha kuwa kreatini inaharibu figo. Lakini kuna mtego wa majina. Kreatini ikishatumika mwilini hugeuka kuwa kitu kiitwacho kreatinini, na hicho ndicho daktari anachopima kwenye damu akitaka kujua hali ya figo. Anayekunywa unga huu anaweza kupatikana na kreatinini ya juu ilhali figo zake ni nzima, akatiwa wasiwasi na kupelekwa huku na huku. Basi kijana amwambie daktari mapema kwamba anatumia kreatini. Asifiche. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, mwenye sukari, mwenye presha, au anayemeza dawa za kila siku, asiiguse kabla ya kupimwa na kushauriwa. Mama mjamzito na anayenyonyesha pia, ngoja kwanza, zungumza na kliniki.

Nimesikia pia uvumi kwamba kreatini inaleta upara. Ulianzia kwenye uchunguzi mmoja mdogo wa wachezaji raga wa Afrika Kusini mwaka 2009, ambao walipimwa homoni tu, nywele zao hazikuhesabiwa. Tuuache hapo.

Kwa wale mnaowatunza wazee: ni kweli kwamba kreatini pamoja na mazoezi ya nguvu imeonekana kuwasaidia watu wa umri mkubwa wasipoteze misuli. Lakini wazee wetu wengi wana presha au sukari, na wengine hawajui kama figo zao ziko sawa. Apimwe kwanza. Na huku mkisubiri majibu, mfundishe nyanya kuketi kitini na kusimama bila kushika kitu, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, na mwekee yai katika sahani yake. Kila mara ninaona wazee wakipewa mchuzi na watoto wakipewa nyama.

Mama wa Kakamega, sasa wewe. Leo jioni, au Jumapili mkiwa na nafasi, mwite kijana. Usianze na figo wala pesa. Muulize kwanza anacheza namba ngapi, ni nani aliyechukua nafasi anayoitaka, na ana kilo ngapi. Msikilize mpaka amalize. Huenda utasikia mambo ambayo hayahusiani na raga, kwa mfano mtoto mwenzake anayemcheka bwenini, au picha anazotazama kwenye simu za watu wenye vifua kama milango. Kisha mtolee karatasi ile ya hesabu. Mwambie, miezi mitatu ya mayai na omena, na mimi nitachangia. Ukifikisha miaka 18 na bado unautaka unga, tutaenda dukani pamoja, mimi na wewe, tusome mkebe. Na mwambie kwamba mtu yeyote akimpa kidonge au sindano, aje kwako kwanza, hata ikiwa ameshameza, na kwamba siku hiyo hutamgombeza.

Hilo la mwisho uliseme kwa dhati. Mimi sikulisema kwa mtoto wa kaka yangu mpaka nilipokuta ile nailoni.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kikohozi cha watoto wadogo wakati wa baridi, na ni wakati gani wa kukimbia hospitali. Mimi nakuaga hapa. Angalia sufuria yako isiungue.

(Muziki wa kufunga)